Anayesaini Hupanda

Machi 2

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi. Saa tano wamekitoa Kumi na Saba makaburini.

Makaburini ni ile reli ya mwisho nyuma ya karakana, ambako vichwa vya treni vilivyostaafishwa husimama vikiliwa na kutu. Viko sita, vyote vya dizeli, vyote vya kuvuta mizigo mizito. Wakubwa wameamua vinne vikatwe viwe chuma chakavu na viwili vifufuliwe: injini ishushwe, ifunguliwe mpaka nati ya mwisho, kila kitu kipimwe, kilichochoka kibadilishwe, kisha kichwa kirudi kazini miaka mingine ishirini. Fremu ya Kumi na Saba imepimwa ikaonekana haijapinda. Basi kimechaguliwa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na spana mkononi kikivutwa ndani. Upande wa kushoto wa chumba cha dereva bado umebonyea. Hapo ndipo alipokuwa amekaa mume wangu.

Nimenunua daftari hili njiani nikirudi nyumbani. Nisipoandika nitasema, na nikisema nitaharibu.

Machi 3

Mvua. Kichwa kinaoshwa. Nimeomba nipangiwe breki zake, nikakubaliwa bila swali.

Machi 5

Niandike mambo yalivyokuwa kabla hasira haijaongeza chumvi.

Miaka sita iliyopita Kumi na Saba kilitoka kwenye matengenezo makubwa. Hapa karakana tuna desturi ambayo hata wastaafu waliikuta: anayesaini karatasi ya breki ndiye anayepanda safari ya kwanza ya majaribio. Haikuandikwa popote. Ni adabu tu, na ni akili pia, kwa sababu mtu hafanyi mzaha na karatasi akijua makalio yake ndiyo yatakayokaa kule mbele. Karatasi ile ilisainiwa na Kalamu. Wakati huo alikuwa fundi wa breki, leo ni msimamizi wetu. Jina hilo alilipata kwa sababu ya kalamu iliyo sikioni mwake saa zote.

Asubuhi ya safari Kalamu alisema tumbo linamsokota. Akamwomba mume wangu, fundi mwenzake na rafiki yake, apande badala yake. Dereva alikuwa kaka yangu, tumbo moja. Walipofika kwenye mteremko baada ya daraja, kichwa hakikushikika. Kikaruka reli kwenye kona kikalala ubavu. Mume wangu alifia palepale. Kaka alivunjika mguu mahali patatu.

Tume ilikuja na miwani yake. Ikasoma karatasi ya mwendo, ikasoma karatasi ya breki, na karatasi ya breki ilikuwa safi. Basi kosa likawa la dereva, amechelewa kufunga breki. Wakamfukuza. Na Kaka mwenyewe akakubali. Kalamu alilia msibani kuliko mimi, na tangu siku hiyo ananiita shemeji kwa sauti ya mtu aliyefiwa.

Kaka anaishi kwangu. Miaka sita nampikia, namfulia, nampeleka hospitali. Sijawahi kumwambia kwamba simlaumu. Sijamwambia kwa sababu namlaumu.

Machi 6

Kila jioni ananiuliza swali lilelile: "Mko wapi na kazi?" Nami namjibu: "Tunasukuma." Kumi na Saba sijakitaja. Ana tabia moja inayonikera: treni ikipita kule chini, mkono wake wa kulia unasogea wenyewe kwenye paja, unafunga breki. Akishamaliza ananong'ona, lakini nasikia, "nilichelewa."

Machi 8

Mvua. Hakuna jipya.

Machi 11

Kumi na Saba kimeinuliwa kwa kreni, bogi zimetolewa, ya mbele na ya nyuma. Bogi ni ule mkokoteni wa magurudumu ulio chini. Kila moja ina silinda nne za breki. Upepo ukiingia, pistoni inatoka na kusukuma kiatu cha breki kwenye gurudumu. Nane zote zikitoka, kichwa kinasimama.

Nilianza na bogi ya mbele, Kalamu akipita hivi na hivi. Nilipohamia ya nyuma akaja kuinama karibu yangu. "Shemeji, usijitese na viungo hivyo, kutu imeshavishika. Nitamwambia Cheche avikate kwa gesi, vitupwe vyote." Cheche ni mchomeleaji wetu, jirani yangu, na ndiye rafiki pekee aliyembakia Kaka.

Sasa mimi nina ubaya mmoja. Ukiniambia nisijitese, nauliza moyoni wewe unaogopa nini. Viungo vya mbele vilikuwa na kutu ileile na hakusema neno. Saa ya chakula, wenzangu walipokwenda kula, nilimwagia dizeli kwenye kiungo cha bomba kuu linalopeleka upepo kwenye bogi ya nyuma, nikaning'inia kwenye spana mpaka bolti zote nne zikakubali.

Ndani, katikati ya zile sahani mbili za chuma, kulikuwa na kisahani cha bati. Cha bluu. Kimekatwa kwa mkasi kutoka kwenye mfuniko wa kopo la rangi, kikaviringwa vizuri kitoshee. Ng'ambo ya kisahani bomba lilikuwa safi na kavu. Upepo haukuwahi kufika huko.

Kila fundi wa breki anaujua ujanja huu na kila mmoja anaapa hajawahi kuufanya. Silinda za nyuma zinavuja, geji inashuka, kazi ya kuzifungua ni siku mbili. Basi unaziba bomba kwa bati. Geji inasimama wima, kila anayeitazama anafurahi. Ila zile pistoni nne za nyuma hazitatoka tena. Ndiyo maana karatasi ya breki ina visanduku vinane: mmoja akae juu avute mkono wa breki, mwingine alale chini aone kwa macho yake kila pistoni ikitoka, ndipo aweke alama. Kalamu aliweka alama nane.

Kaka hakuchelewa. Alifunga breki kwa wakati na nusu ya breki haikuwepo.

Niwe mkweli, hapa hakuna anayenisoma. Wazo langu la kwanza halikuwa Kaka. Wazo langu la kwanza lilikuwa: nimekupata. Nilikaa kwenye sakafu yenye mafuta, kisahani kiko kiganjani, nikacheka mpaka machozi yakatoka. Siku za mwizi ni arobaini, za huyu zilikuwa zaidi ya elfu mbili, lakini zimetimia. Kisha nikafunga kiungo kama nilivyokikuta, nikatia kisahani mfukoni, nikanawa, nikaenda kula. Nilikula sana.

Machi 12

Sijamwambia Kaka. Mdomo wake hauna komeo kwa Cheche, na wa Cheche hauna komeo kwa mtu yeyote. Kalamu akisikia atasema bati linaweza kuwekwa na fundi yeyote, hata marehemu. Anaweza kabisa. Nataka aseme yeye, kwa kinywa chake, mbele za watu. Nitangoja.

Machi 13

Cheche amevikata viungo kwa gesi. Kalamu alisimama pale mpaka cha mwisho kikaanguka. Nilimpa pole kwa kusimama sana.

Machi 19

Mvua. Mvua. Paa linavuja juu ya benchi langu. Kisahani kiko mfukoni.

Machi 24

Leo injini imeshushwa, chuma cha silinda kumi na mbili kikining'inia kwenye minyororo, na karakana nzima ikanyamaza kama watu walio mbele ya jeneza. Kalamu aliiongoza kreni kwa vidole viwili tu, bila kupaza sauti. Ni fundi mzuri, na hilo linaniuma. Ndiye aliyenitoa kwenye kuosha vipuri kwa soda ya moto baada ya msiba, akanifundisha breki kifaa kwa kifaa. Mvua ilipozidi jioni aliniletea mwavuli wake. "Chukua, shemeji, mimi nitakimbia." Nikauchukua. Zamani nilidhani ni utu. Leo naona alikuwa akiilipa roho yake kwa mafungu, na mimi ndiye niliyekuwa nikipokea. Mwavuli nimeuacha nje ya mlango, siutaki ndani.

Aprili 3

Kaka amejua. Cheche amemwambia kwamba kinachofufuliwa ni Kumi na Saba.

Nilipoingia hakuniuliza tuko wapi na kazi. Alikuwa amekaa na fimbo magotini, amevaa shati la kutokea. Nikamuuliza anakwenda wapi na mvua hii.

"Nataka unipeleke karakana," alisema. "Kabla hawajakipaka rangi. Nataka nisimame pale alipokaa shemeji yangu nimwombe msamaha. Kaburini nimekwenda mara nyingi, naona kama hanisikii."

Kisahani kilikuwa mfukoni mwangu. Kilikuwa kinanichoma paja, naapa. Kidogo nimwambie. Nikahesabu: wiki tano, sita, na kichwa kitakuwa tayari, na Kalamu atasaini. Nikimwambia huyu leo, kesho asubuhi atakuwa amemkaba Kalamu koo getini, na Kalamu atakana, na kila kitu kitakuwa kimekwisha. Nikameza. Nikamwambia wageni hawaruhusiwi, nikamvua viatu.

Hakubisha. Alikunja shati lile mwenyewe, taratibu, akalirudisha sandukuni.

Aprili 4

Kaka hajala.

Aprili 9

Pistoni mpya zimeingia. Jenereta kuu imerudi ikiwa imesukwa upya, waya za shaba ndani yake zinang'aa. Mvua imepungua mchana, ikarudi jioni na hasira zake.

Aprili 16

Nimefanya jambo leo. Naliandika kama lilivyo.

Bogi ziko chini ya kichwa, mabomba mapya yote nimeyafunga mimi. Kalamu alipita akasema, "Kazi safi, shemeji, siku ya safari nitakaa kiti kilekile, tumkumbuke marehemu." Tumkumbuke. Damu ilinichemka mpaka nikaacha kusikia mashine. Alipoondoka nilifungua kile kiungo cha nyuma, nikakirudisha kisahani mahali pake, nikakaza bolti nne.

Anayesaini hupanda. Na apande. Mkuki kwa nguruwe.

Aprili 17

Nimelala vizuri kuliko miaka yote hii.

Aprili 18

Dereva wa majaribio amepangwa, ni Taratibu. Tunamwita hivyo kwa sababu hata chai anainywa kama anayepita kwenye daraja bovu. Amebakiza mwaka mmoja astaafu. Alikuja akashika gurudumu la nyuma, akalipigapiga kwa kiganja.

"Breki umefunga wewe?"

Nikasema ndiyo.

"Basi mimi sina swali," akasema, akaenda zake.

Nimekitoa kisahani saa ya chakula. Sikukitoa kwa wema, wala sijamsamehe mtu. Nimekitoa kwa sababu kichwani kuna viti viwili, na mimi nilikuwa nimeona kimoja tu. Nimefunga kiungo, bolti moja ikaniponyoka mara tatu.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Lakini sasa itabidi nitafute njia nyingine.

Aprili 27

Injini imewaka. Ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe, kisha mweusi, kisha ikatulia. Sakafu ilitikisika, na mafundi wazima wakawa wanashikana mikono. Nami nilifurahi, sitakana. Kalamu alifuta macho. Nikamtazama na kuwaza: lia, zoea.

Mei 1

Mapumziko. Kaka ameshinda uani, ameegemea ukuta. Treni tatu zimepita, mara tatu mkono umefunga breki.

Mei 7

Mvua inakata. Kumi na Saba kimepakwa rangi. Upande wa kushoto huwezi kujua kwamba uliwahi kubonyea.

Mei 13

Jaribio la breki. Taratibu amekaa juu, mimi nimelala chini kwenye maji na mafuta, nimeona pistoni nane zikitoka, mara tatu. Nimepeleka karatasi ofisini. Kulikuwa na manyunyu tu, na Kalamu ana shati jeupe siku hizi.

Nikamuuliza hashuki kuangalia.

"Wewe si umeangalia, shemeji? Jicho lako ni langu." Akachomoa kalamu sikioni, akatia alama nane, akasaini.

Nimeipata njia. Ameiandika mwenyewe.

Mei 14

Jua limewaka tangu asubuhi, la kwanza tangu Machi.

Karakana yote ilikuwa nje. Mhandisi, mama mmoja mkavu ambaye hajatimiza mwaka hapa, alikuwa na karatasi zote mkononi. Taratibu alikuwa tayari ameshakaa. Kalamu alikuja na buti mpya, akasalimia watu, akaweka mguu kwenye ngazi ya chuma.

Nilimsogelea. Nilisema kwa sauti ya kawaida, ya kutosha watu watano kusikia.

"Msimamizi, breki za nyuma nimekuachia kama ulivyoziacha wewe."

Mguu wake ulibaki kwenye ngazi. Ule mwingine haukupanda. Watu walidhani ni utani wa mafundi, wawili watatu wakacheka. Mhandisi akamwambia apande, wanachelewa.

Hakupanda. Alishusha mguu, akasema kwa sauti nyembamba kwamba safari iahirishwe, breki zina mashaka. Mhandisi akafungua karatasi. "Hapa umesaini jana kwamba umeona pistoni nane zikitoka. Umeziona au hukuziona?"

Kalamu akasema ameziona. Mhandisi akasema basi apande. Kalamu akanielekezea kidole.

"Huyu mwanamke ameziba bomba."

"Bomba lipi?" aliuliza Mhandisi.

"La nyuma. Kwenye kiungo, chini ya bogi. Ameweka bati."

Mimi sikuwa nimetaja bomba, wala kiungo, wala bati. Nilitoa kisahani mfukoni nikakiweka kwenye kiganja cha Mhandisi. Nikamwambia kilipotoka, siku niliyokitoa, na kichwa hiki kilikuwa na nani ndani yake miaka sita iliyopita. Nikamwambia breki za leo ziko sawa zote nane, ashuke aone mwenyewe. Akalala chini na nguo zake za ofisi. Taratibu akavuta mkono wa breki. Mhandisi akahesabu kwa sauti mpaka nane, akainuka na tope mgongoni.

Nilikuwa nimengoja tangu Machi kumwona Kalamu analia kilio chake cha kweli. Hakulia. Alikaa kwenye ngazi kama mtu aliyetua mzigo, akasema, "Nililiweka mimi. Kichwa kilikuwa kinatakiwa kesho yake. Nilisema nitalitoa kikirudi. Tumbo halikuwa linaniuma." Akarudia ile ya tumbo, kana kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Kisha akaniita, si shemeji, kwa jina langu, akaomba msamaha. Nikamwambia akaombe makaburini, na safari hii simaanishi ya treni.

Safari nilipanda mimi. Kwenye mteremko baada ya daraja Taratibu alivuta breki, na Kumi na Saba kikasimama pale tulipotaka kisimame. Nilikuwa na furaha, furaha chungu. Nilikuwa na haraka ya kufika nyumbani.

Nilifika saa tisa. Kaka alikuwa uani juani. Nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza yote: bati, tumbo la uongo, ngazi, Kalamu alivyokiri mbele ya karakana nzima. Nikamwambia hukuchelewa, Kaka, ulifunga kwa wakati. Nilisema mara mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kwenye paja, umetulia.

Nikangoja anishike kichwa.

"Hicho kisahani ulikipata lini?"

"Machi kumi na moja."

Akahesabu kwa vidole, polepole, mwezi kwa mwezi. "Siku niliyovaa shati nikakuomba unipeleke kwa shemeji nikamwombe msamaha. Ulikuwa nacho?"

"Nilikuwa nacho."

"Wapi?"

"Mfukoni."

Nikaanza kueleza. Mdomo wa Cheche, Kalamu angekana, ilibidi tungoje asaini. Nikamwambia nilikuwa namlipizia kisasi chake. Aliniacha nikamaliza.

"Nani alikutuma?" akasema.

Akachukua fimbo yake, akaingia ndani, akafunga mlango.

Mei 15

Kalamu amesimamishwa. Tume nyingine itakuja. Karakana nzima inanipongeza, wengine wananiita shujaa.

Mei 16

Kaka amejipikia.

Mei 20

Mhandisi amemletea Kaka barua mwenyewe, mpaka mlangoni: jina lake linasafishwa, anaitwa kutoa maelezo. Aliisoma akiwa amesimama, akashukuru, akamkaribisha akae. Nilileta chai. Alichukua ya mgeni akampa, yake akaiacha kwenye sinia.

Treni zinapita, mkono wake hausogei. Nimetazama siku sita sasa, hausogei. Hilo nimempa mimi, na hakuna atakayeninyang'anya. Ila ningeweza kumpa Machi, na yeye anajua, nami najua.

Jioni hii Cheche amekuja kumpongeza. Wamekaa uani, madirisha yako wazi kwa kuwa mvua imekwisha, na nimemsikia Kaka akicheka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu mume wangu yuko hai. Nimetoka nikasimama mlangoni nikicheka nami. Wakanyamaza wote wawili, wakaningoja nirudi ndani.